Uso wa Msomaji na Vitambaa vya Paketi

Jumatatu, 9 Juni

Dakika kumi na moja. Ndizo zangu. Taarifa ya habari ya mchana ikiisha, Msomaji huja chumba cha vipodozi, huketi kwenye kiti changu, hufumba macho, nami humfuta poda. Miaka minne sasa. Nchi nzima inaujua uso wake uliopakwa. Ulio chini yake naujua mimi: kovu dogo kidevuni, unywele mmoja mweupe kwenye nyusi za kushoto. Sijawahi kuung'oa. Sijawahi kumwambia la moyoni pia.

Leo balaa! Mpambaji mpya, yule binti ninayemwita Chapuchapu, kaleta vitambaa vyenye unyevu vya paketi. Kachomoa kimoja, kampitishia Msomaji usoni sekunde arobaini, kwaheri. Mkuu wa studio kapiga makofi! Kasema wiki hii tujaribu njia zote mbili, Ijumaa ataamua ipi ibaki. Msomaji akatoka na poda imemganda sikioni. Hakuiona. Mimi niliiona. Nikamkimbilia koridoni na pamba yangu. Lifti ikafunga.

Jumanne, 10 Juni

Nimeamka na hila. Elimu! Asubuhi nilisoma maandishi ya nyuma ya kila chupa ya kusafishia uso niliyonayo. Mdogo wangu, ninayeishi naye, kauliza kama nina mtihani. Nikamjibu ndiyo.

Kazini nikamtangazia Msomaji kuwa ngozi yake ni kavu, na ngozi kavu haifutwi, hubembelezwa. Kwanza mafuta mepesi ya kuyeyusha poda. Kisha kupumzika. Kisha maziwa ya kusafishia uso, yasiyo na marashi. Kisha kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Kisha kupumzika tena. (Huko kupumzika hakumo kwenye chupa yoyote. Nimekuongeza mwenyewe.) Akauliza itachukua muda gani. Nikasema dakika thelathini na tano, hewa ikiwa nzito arobaini. Akacheka. Akasema haiwezekani, saa nane kamili kuna mtu anamsubiri.

Mtu! Mtu gani?

Jumatano, 11 Juni

Hila ya pili: kumuumbua Chapuchapu. Nilijisugua uso kwa vitambaa vyake sita, nipate vipele vya ushahidi. Sikupata hata kimoja. Ngozi yangu haijawahi kung'aa hivi. Mlinzi wa getini kauliza kama nimepata mchumba. Mwili wangu mwenyewe unanisaliti!

Basi nikaamua kuonyesha uzuri wa mafuta yangu kwa mtangazaji wa michezo. Haraka haraka, haina baraka. Sikuuliza ngozi yake ni ya namna gani. Kumbe ni ya mafuta tayari. Kumwongezea mengine ni kumwagia maji aliyekwisha loa. Na macho yake hayavumilii kitu. Dakika tano baadaye akaitwa ghafla studioni kusoma matokeo ya timu ya taifa. Tulifungwa manne. Akasoma huku machozi yakimtiririka. Watazamaji wakapiga simu kumpa pole. Mmoja kasema tangu azaliwe hajaona mzalendo kama huyu.

Mkuu akaja mlangoni. Alinitazama tu. Chapuchapu ndiye aliyesema, kwa upole: "Pole, mama."

Mama! Nina miaka arobaini na miwili!

Alhamisi, 12 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Msomaji kaja mwenyewe, hakutumwa na mtu. Shavu limejaa vipele vidogo, linamwasha. Nikasoma paketi ya Chapuchapu: spiriti, marashi. Nilitaka kucheka kwa ushindi. Kisha nikamgusa, akakunja uso, nami nikachukua pamba.

Leo sikuwa na hila. Naandika nisije nikasahau. Maziwa yasiyo na harufu, pamba laini, kubonyeza bila kusugua. Kwenye macho, pamba yenye unyevu juu ya kope, kuhesabu hadi ishirini, kisha kuvuta chini taratibu. Uso wake ukalegea chini ya vidole vyangu kama mtu anayetua mzigo.

Akaanza kuongea, macho yamefumbwa. Kwamba anayemsubiri saa nane ni binti yake wa darasa la pili. Kwamba humchukua shuleni mwenyewe tangu mama yake alipofariki. Kwamba mtoto hakubali kumbusu akiwa na poda; husema huyo ni baba wa kwenye televisheni, anamtaka wa nyumbani. Kwanza nikafurahi kuwa si mwanamke mwingine. Kisha nikaona haya kwa kufurahi. Kisha nikafurahi tena.

Nilipomaliza akanishika mkono. Akasema, "Una mikono ya huruma, dada yangu."

Dada. Neno tamu. Nimelirudia kwenye basi njia nzima hadi nyumbani, na kila nikilirudia linazidi kufunga mlango.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeshinda! Nimekwisha!

Mkuu kapiga marufuku vitambaa. Kisha kaniomba niandike mwongozo wa kila ngozi. Nikaandika kwa fahari, ukurasa mzima. Kavu: maziwa au mafuta mepesi. Ya mafuta: maji ya kusafishia yasiyo na mafuta. Ya kuwasha haraka: kisicho na spiriti wala marashi, na ujaribu kidogo kwanza chini ya taya. Kusugua ni mwiko kwa wote. Mkuu kausoma mara mbili. Kasema umeeleweka hivi kwamba hahitajiki tena mtu wa kumfuta mtu. Kila mtangazaji apewe chupa yake ajifute! Kiti changu kimepelekwa mapokezi. Mimi nimepelekwa upande wa kupaka, chini ya Chapuchapu.

Msomaji alijifuta mbele ya kioo, mwongozo wangu mkononi. Akabonyeza. Hakusugua. Akahesabu hadi ishirini kwa sauti ileile ya taarifa ya habari. Dakika nne, safi kabisa. Mwalimu gani mimi! Nikasimama nyuma yake na pamba mkononi, kama mtu aliyefika harusini kesho yake.

Jumapili, 15 Juni

Mdogo wangu kanikalisha kitako. Kasema hila zote hizi za nini, si nimwambie tu yule baba wa watu ukweli? Niombe siku moja nimsindikize kumchukua mtoto. Akikataa, kakataa, hakuna aliyekufa kwa kukataliwa. Nikaitikia kwa kichwa. Nikamkumbatia. Ana busara kunizidi, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Nimekubali kila neno.

Mchana nimepita duka la vipodozi. Kuna poda mpya, ya waigizaji wa jukwaani. Haitoki kwa jasho. Haitoki kwa mafuta, wala kwa maziwa, wala kwa mwongozo wa mtu yeyote. Ina dawa yake ya kipekee ya kuitoa, na muuzaji kaapa lazima ifutwe na mtaalamu, polepole, saa nzima. Nimejipaka mkononi nihakikishe. Nimesugua kwa brashi ya kufulia. Iko palepale!

Nimechukua makopo mawili. Chupa ya dawa ilibaki moja tu dukani. Nitailalia.

Ee Mungu, kesho ifike upesi.