Nembo ya Shangazi Irmgard

Jumatatu, 4 Mei
Makomredi mtakaoisoma shajara hii baada ya ushindi, salaam! Kamati imenikabidhi kipaza sauti cha maandamano ya Jumamosi. Mimi, Gernot, msemaji mkuu! Spika zitabebwa na gari la Shangazi Irmgard: la buluu, kubwa, lenye nembo ya kitajiri kwenye buti la nyuma, herufi zinazotaja jina la gari na injini yake. Wiebke, katibu wetu, amepinga. Eti mji wetu wa Marburg hautahutubiwa kutoka mgongoni mwa mabepari. Nembo ikionekana Jumamosi, kipaza sauti ni chake. Shangazi naye kaapa kwamba rangi ikipata mkwaruzo hata mmoja, nitafute shangazi mwingine.
Basi nembo itoke, rangi ibaki.

Jumanne, 5 Mei
Ugunduzi! Nembo haina skrubu. Imeshikwa na gundi tu. Utukufu wote ule, gundi tu! Nikaleta kisu cha siagi. Jirani, Bwana Quednau, akaniuliza kutoka dirishani kama nafungua gari au kopo la dagaa. Nimeacha. Rangi salama. Heshima, hapana.

Jumatano, 6 Mei
Je, gundi huogopa joto? Nimeazima kikausha nywele kwa Wiebke, nikisingizia mafua. Dakika tano, bila kukikaribia chuma mno. Kisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya herufi, kushoto, kulia, kama msumeno. Ukakatika mara tatu. Bwana Quednau akashuka na uzi wake wa kuvulia samaki, akasema hawezi kutazama tena mateso haya. Herufi ya kwanza ikaachia kwa mlio kama wa busu. Tulikumbatiana!

Alhamisi, 7 Mei
Mabaki ya gundi: mafuta ya kupikia, kidole gumba, kitambaa laini. Mkwaruzo, sifuri. Lakini ole! Jua limefifisha buti zima kwa miaka kumi na moja, isipokuwa chini ya herufi. Jina sasa linasomeka kwa buluu iliyokolea, wazi kuliko awali. Nimestaajabu nusu saa. Halafu nimeling'arisha buti hadi bega likagoma. Jina limefutika.

Jumamosi, 9 Mei
Wiebke alilizunguka gari, akacheka hadi akashika ukuta. Akaniambia, Gernot, mtetezi wa wanyonge, hujui kwamba matajiri wenyewe huomba kiwandani gari lao lisiandikwe kitu, ili majirani wasijue ukubwa wa injini? Papo hapo mwandamanaji mmoja akauliza ni waziri gani amefika. Kipaza sauti kimekwenda kwa Wiebke. Alihutubia vizuri. Inauma.

Jumapili, 10 Mei
Nimebandika nembo upya. Shangazi amekagua rangi kwa miwani miwili: safi. Nembo, amesema, imelewa.
Nimetafakari. Kosa halikuwa nembo, makomredi. Kosa ni kwamba gari lilikuwa moja! Mtaa huu una magari arobaini na moja. Yote yakivuliwa nembo, nani atamtambua tajiri?
Kikao ni Jumatano, saa kumi na mbili jioni, jikoni kwangu. Kila mmoja aje na kikausha nywele.