Fujo za Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi ametangaza: mkuu mpya wa kitengo cha usalama atatajwa Ijumaa, kufuli zetu za namba zikishafungwa kwenye lile jengo jipya la wapangaji. Programu ya kutunga namba za siri za milango naiandika mimi. Kwa hiyo mkuu ni mimi. Nimeshapima ukuta wa ofisi yake. Meza yangu inaingia.

Tatizo moja. Ili namba isibashirike, programu lazima ilishwe fujo, vurugu isiyo na mpangilio wowote. Kompyuta inazo fujo zake za ndani, na kila mtu anatumia hizohizo. Ndiyo maana sizitaki. Mtu wa hadhi yangu analeta zake kutoka nyumbani.

Jumanne, 4 Machi
Nimezipata. Mama mkwe! Yuko kwetu tangu mwezi uliopita na hajafunga mdomo. Anaanza na bei ya sabuni, anadakia ndoa ya mpwa wake, anahamia kwenye magoti, halafu bila onyo ananigeukia mimi. Hakuna mwanahisabati wa kubashiri sentensi yake inayofuata. Nimebandika maikrofoni nyuma ya kochi lake. Sauti inapita kwenye mtandao hadi kwa programu yangu ofisini.

Nikamweleza Bi Taratibu, wa meza inayotazamana na yangu. Anautaka ukuu huo, ila anajifanya hana habari. Akasema wazo si baya, lakini fujo zangu niziongeze juu ya zile za kompyuta, nisizitoe zile. Zangu zikikauka, zile zitaniokoa. Twende taratibu, akasema. Kila kitu kwake taratibu. Nikamwambia mimi sitii maji kwenye maziwa, nikazizima za kompyuta mbele ya macho yake. Akarudia chai yake. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Namba za majaribio safi kabisa, hakuna mbili zinazofanana. Nikanogewa. Jioni nikamwomba mama mkwe apaze sauti kidogo na, akiweza, aongee akielekea nyuma ya kochi. Akauliza kwa nini. Mke wangu akachungulia huko nyuma. Basi nikaeleza kitaalamu kwamba maneno ya mama hayana kichwa wala miguu, na thamani yake iko hapo.

Nilikuwa namsifu. Mama mkwe akasema hatatamka tena neno ndani ya nyumba hii. Mke wangu akauliza kama nina akili timamu. Ukoo huu haujui kusifiwa. Maikrofoni wameiacha palepale, hakuna anayetaka hata kuigusa.

Alhamisi, 6 Machi
Nyumba kimya. Raha ilioje. Mama mkwe kanuna, anaongea na mwanawe kwa nyusi.

Mchana nimetunga namba za jengo zima kwa mkupuo na kuwatumia wapangaji. Programu haikulalamika. Bi Taratibu akauliza kama nimezikagua. Nikamwambia ashike lake.

Ijumaa, 7 Machi
Fedheha. Milango yote, namba moja. Programu ilimeza kimya kilekile cha mama mkwe ikatema namba ileile, mlango hadi mlango. Jana jioni mpangaji wa ghorofa ya juu alikosea ghorofa, akabonyeza namba yake, akaingia, akavua viatu, akalala kwenye kochi la fundi cherehani. Fundi alimwamsha kwa rula ya mbao.

Leo mkurugenzi kaja mwenyewe. Akabonyeza namba ya mlango wa kwanza kwenye mlango wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne. Kila ulipofunguka alinitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Mkuu ni Bi Taratibu. Amri yake ya kwanza: nipite kwa wapangaji wote kuomba radhi. Fundi cherehani alikataa kunifungulia. Nikajifungulia, namba si naijua? Sikioni kosa langu hapo. Bega bado linauma.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari kwa kina. Mpango hauna dosari. Dosari ni mama mkwe, chanzo chenye hasira za karibu.

Baba mkwe kaja kumchukua mkewe. Amekula, ameegemea, usingizi umempitia. Nimesimama kumsikiliza. Anakoroma kwa ufundi: anavuta, anashusha, anavuta, anashusha, kwa kipimo kilekile, hakosei hata mara moja. Hanuni. Hakatizi. Tangu adhuhuri hajabadilika hata chembe. Fujo zenye nidhamu namna hii kompyuta haijapata kuziona, na Bi Taratibu asijisahau kwenye kile kiti. Maikrofoni nimeisogeza kwa mzee, na zile fujo za kompyuta alizozirudisha Bi Taratibu jana nimezizima.