Dawa ya Buluu ya Mhina

Jumatatu, 3 Juni 1912. Korogwe.
Bwana daktari kamruhusu Kaleb kuchungulia vijidudu kwenye hadubini. Mimi nimeruhusiwa kuosha chupa. Haki imetendeka! Kaleb ni Msambaa wa Vugiri, mfunga vidonda kama mimi, ila yeye hujibu kabla hajaulizwa. Daktari akatusimulia kuwa huko kwao wamechukua aseniki, sumu kabisa, wakaiunganisha na vitu vingine, ikawa dawa ya buba. Nikajiuliza: na shaba je? Mrututu, ile chumvi ya shaba, tunao tele kabatini. Nikauyeyusha, nikatia amonia. Buluu iliyokolea, nzuri kuliko kanga yoyote! Nimeiita Mhinini. Jina langu ni Mhina, sikutaka makuu.

Jumatano, 5 Juni.
Mabakuli mawili ya mchuzi wa mbuzi dirishani. Moja nimelitia dawa, jingine nimeliacha. Kaleb akashauri niweke mengi, dawa nikiiongeza kidogo kidogo, nijue kipimo kinachotosha. Wivu huo.

Jumamosi, 8 Juni.
Bakuli lisilo na dawa linanuka hadi barabarani. Langu safi! Vijidudu vyote marehemu. Kaleb akauliza nilitia kiasi gani. Cha kutosha, nikamjibu. Nusu bakuli. Akasema kwa kiasi hicho hata paka angekufa. Paka anahusikaje?

Jumanne, 11 Juni.
Mzee Mbwana kaletwa kwa machela kutoka Kwaluguru. Kidonda ndugu kimemla muundi. Daktari kasema kisipofunga, mguu utakatwa. Nafasi yangu! Kaleb alipokwenda kula, nikamwamkia mzee shikamoo, nikampaka Mhinini bila uchoyo. Marahaba sikuipata. Alipiga yowe lililowatoa wagonjwa vitandani, akiwemo mmoja ambaye hajasimama tangu Pasaka. Huyo nadhani nimemponya. Binti wa Mzee Mbwana, Mwanaidi, akaingia mbio.
"Nimemleta baba atibiwe, wewe unamchovya rangi!"
Nikamweleza habari za mchuzi. Haikusaidia.

Ijumaa, 21 Juni.
Kidonda kilipanuka. Kaleb amekuwa akikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, asubuhi na jioni, huku akimsikiliza mzee akieleza habari za mihogo yake. Juzi mzee alimwuliza kama mtu wa mguu mmoja anaweza kulima. Siku hiyo niliosha chupa zote bila kuambiwa. Leo nyama mpya imeonekana, nyekundu, safi. Mguu haukatwi! Mwanaidi akamshukuru Kaleb kwa machozi. Nikamkumbusha daktari kwamba Mhinini ndiyo iliyotangulia. Daktari akanijulisha kwamba Handeni wanatafuta mtu wa kufagia zizi.

Jumatatu, 1 Julai. Handeni.
Nimetafakari sana. Kosa ni la shaba. Zinki ni madini mapole, na hapa mabati chakavu, yaliyopakwa zinki, yamejaa uani. Nimeyachemsha kwa ndimu. Nyumbu mmoja wa mizigo ana kidonda juu ya kwato ya nyuma. Ernesti, msimamizi wa zizi, kaniambia nimfunge kwanza kabla ya kumgusa. Hata huku wana wivu! Nitamwendea kwa nyuma, taratibu, asinione.