Yah: Bangi ya Fleti ya Chini Kupandikizwa Saa Sita Mchana

Fleti ya Juu,
Kilburn, London.
Januari, 2003.

Mheshimiwa Bwana Rasik, mwenye nyumba wetu,

Shikamoo. Natumaini duka linaendelea vizuri na Bi Sudha, mama watoto, mgongo umepoa. Nimemtaja kwenye rozari, ingawa hakuniomba. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa wewe ni mtoto wa Mwanza na mimi ni wa Bukoba, ziwa letu ni moja, na mambo ya ndani hayasemwi kwa lugha ya kaunsili, ya wakubwa wa mtaa.

Ninamlalamikia kijana Exaucé, mpangaji wako wa chini yetu. Kijana huyu wa Goma analima bangi katika chumba chake cha kulala. Usishtuke. Silalamikii bangi. Bangi ni dhambi, na dhambi ina wenyewe: kuna Mungu na kuna polisi. Ninacholalamikia ni kwamba anaipandikiza saa sita mchana.

1. Hakuna mahali chini ya mbingu ambapo mtu mwenye akili zake anahamisha mche mchanga mchana. Kwetu Kamachumu hata mlevi analijua hilo. Unangoja jioni, jua limechoka, unahamisha, unamwagilia, mche unapata usiku mzima wa kutafuta miguu yake, asubuhi unaukuta umesimama. Huyu taa zake kubwa zinajiwasha asubuhi, yeye mwenyewe anaamka saa sita, ndipo anaing'oa miche kwenye vikopo vya mtindi na kuitia kwenye ndoo, huku taa zinawaka juu yake kama jehanamu. Nilipomwonya alinijibu, "Mama, humu ndani jua ni mimi." Jua gani hilo, Bwana Rasik, linaloamka saa sita? Nikamwambia, haya, kama wewe ndiwe jua, basi subiri ukaribie kutua, pandikiza, kisha uzime taa miche ipumzike. Akacheka, akasema ameyasoma yote kwenye kompyuta. Sijui kama hiyo kompyuta imewahi kushika jembe.

2. Miche inakufa. Naiona ikishushwa kwenye ngazi ndani ya mifuko myeusi, imelegea kama waumini wa misa ya pili. Mara ya kwanza nilisema ni mkono wa Bwana. Ilipoendelea, nikaanza kumwonea Bwana huruma kwa kusingiziwa.

3. Hapa sasa ndipo penyewe, usome polepole. Kijana amekata tamaa. Ameniambia kwamba miche ya safari hii ikifa, anazima taa zote na kumfuata binamu yake kwenye kazi ya maghala huko Hayes. Na taa hizo, Bwana Rasik, ndizo zinazompasha joto mama yangu. Unamjua, Ma Leokadia; ulimpa pole pale mlangoni ukamwambia mwili utazoea baridi. Mwili haujazoea. Redieta zetu za kupasha nyumba joto zimekuwa mapambo tangu baridi ya mwaka juzi, na kila nikikupigia simu unasema fundi yuko njiani. Nadhani anakuja kwa miguu kutoka Mwanza. Lakini tangu kijana aanze kilimo chake, sakafu yetu ina moto. Mama ametandika mkeka pale pale juu ya miche, anasalia hapo rozari yake, na magoti yamelainika hata anainuka bila kushikwa mkono. Yeye anadhani ni boila lako la kuchemshia maji ya redieta limepona. Anakuombea kila siku, wewe na uzao wako. Nimeshindwa kumwambia kwamba anayestahili sala zile ni mkulima wa bangi.

4. Kwa hiyo naomba umwandikie kijana onyo rasmi kwamba ni marufuku kupandikiza kabla ya jioni. Mkataba wako unakataza paka, unakataza misumari ukutani, unakataza kukaanga samaki. Kifungu cha miche hakitakosa nafasi. Ukiona aibu kuandika, mletee bwana shamba. Na kwa kuwa kazi ya kutupasha joto ilikuwa yako na yeye ndiye anayeifanya, haki ni umchangie mbolea. Tena ile fleti ya nyuma iliyo tupu mpe nayo ailime. Iko chini ya jikoni kwetu, ambako bado tunapika na makoti.

5. Wapo watakaosema, Adventina, wewe mama wa jumuiya, unaitetea bangi? Siitetei. Tumefundishwa tu kwamba kila jambo lina wakati wake. Na kama mfanyabiashara wa heshima amemwacha bibi kizee agande, halafu mkulima wa bangi akampasha joto, siku ya hukumu mimi nisipangiwe zamu ya ukarani.

Nisalimie Bi Sudha, umsalimie na Varsha wa pale kaunta, na wanao wote, na yule fundi pia, mkikutana huko njiani.

Ni mimi mpangaji wako, niliyevaa koti ndani ya nyumba,

Adventina Thadei

N.B. Nilikuwa sijafunga bahasha, mlango ukagongwa. Ni fundi. Jaswinder, mtu mpole, akavua viatu bila kuambiwa, akafungua boila, akagonga hapa na pale, redieta zikaguna, zikapata moto. Mama amehamia pembeni ya redieta. Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu uyafute. Yaliandikwa na baridi. Bangi ni uovu kwa saa yoyote ile, na nashangaa mtu kama wewe kuifuga chini ya magoti ya watu wanaosali. Kijana aondoke.

Ila asiondoke kwanza. Jaswinder anasema pampu aliyofunga kwenye boila ni ya kuazima tu, na ile yenyewe umeahidi kuileta wewe. Mkeka nimeukunja, sijautupa. Na nimeshuka kumkumbusha kijana: jioni.