Fomu Mbili za Siraj wa Magodoro

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo nimejiandikisha kuoa. Kuna kipindi kipya cha televisheni kinachotafuta watu wasiojuana. Wataalamu wanasoma fomu zao, wanawaunganisha wawili wawili, wanawapa siku saba za kujuana, na siku ya saba kila mmoja anasema ndiyo au hapana mbele ya kamera. Usaili wa Jinja ulikuwa kwenye ukumbi hapa Nalufenya, hatua chache kutoka dukani kwangu. Nina miaka thelathini na tisa. Nauza magodoro. Mama ameacha kuniuliza nitaoa lini, na hilo ni baya kuliko kuulizwa.

Nilikwenda kutazama tu. Kisha nikamwona Aminah mwenye duka la dawa, anajaza fomu. Nikakaa nyuma yake na kunakili majibu yake yote, kama mtihani wa darasa la saba. Kwa hiyo sasa mimi ni mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri, anapanda milima, hali nyama, anasoma mashairi na hawezi kutazama mieleka. Ukweli ni kwamba naamka saa tatu na nusu. Mieleka naitazama hata ya marudio.

Bruhan, anayeuza simu duka la pili kutoka langu, naye alikuwepo. Anamtaka Aminah huyohuyo. Kila siku ananunua dawa ya kichwa na kichwa chake ni kizima. Alikuwa amesahau miwani, akaniomba nimjazie fomu. Nikamjazia kwa moyo wote. Kila anachopenda Aminah, niliandika Bruhan anakichukia. Akasaini bila kusoma, akaninunulia soda.

Jumatano, 10 Septemba

Matokeo. Dokta Docus, mkuu wa wataalamu, alieleza kwamba watu wanaofanana kila kitu huchoshana kabla ya mwaka kwisha. Wao huunganisha wanaotofautiana, ili kila mmoja amletee mwenzake asichokuwa nacho. Akasema katika kazi yake yote hajaona fomu mbili zinazopingana vizuri kama ya Aminah na ya Bruhan.

Ukumbi ukapiga makofi. Bruhan akanikumbatia mbele ya kamera na kutangaza kwamba ni mimi niliyemjazia. Nilicheka kwa meno yote.

Mimi nimepewa Nusifa, anayeshona gomesi, yale magauni ya sherehe ya wanawake, huko Mbale. Kadi yake niliisoma nimenuna, kisha nikaisoma tena nimekaa wima. Analala mpaka jua lipande. Anapenda mbavu za mbuzi. Mieleka haikosi. Milima anaitazama akiwa kwenye kiti. Huyu ni mimi, ila anajua kushona.

Nikataka kusema ukweli palepale. Lakini mkataba unasema atakayebainika kudanganya ataondolewa, na uongo wake utasomwa hewani. Mama ana televisheni. Nimefunga mdomo.

Jumatatu, 15 Septemba. Mbale

Nimefikia nyumba ya wageni karibu na mnara wa saa. Nusifa alikuja na shangazi yake, maana kwao hakuna kumwacha binti na mwanamume peke yao, kamera ziwepo zisiwepo. Nusifa ni mrefu kuliko mimi. Kabla ya kucheka husubiri kidogo, kana kwamba anahakikisha jambo lenyewe linachekesha. Nilimpenda kabla hajamaliza soda.

Akaniuliza nasoma mashairi ya nani. Nikamwambia ya watu mbalimbali.

Jumatano, 17 Septemba

Watu wa kipindi walitaka picha zangu nikipanda Wanale alfajiri. Saa kumi na moja nilikuwa chini ya mlima. Nusifa alikuwa ndani ya gari, amejifunika shuka, amelala fofofo. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama ule.

Nusu ya njia nilikaa juu ya jiwe na kumwambia mpiga picha kwamba natafakari. Wanawake watatu wenye mikungu ya ndizi kichwani walinipita wakishuka. Mmoja akaniuliza nimefiwa na nani. Nikaendelea kutafakari mpaka saa mbili.

Mchana, kwa shangazi, wote walikula mbavu za mbuzi. Mimi malewa, yale machipukizi ya mianzi kwenye mchuzi wa karanga. Ni matamu, lakini hii ni mara ya tano kwa siku tatu. Nusifa akaniuliza kama huwa sitamani nyama hata kidogo. Nikasema nyama inanizuia kufikiri. Akasogeza kiti chake nyuma. Si sana, lakini nilisikia miguu ya kiti.

Ijumaa, 19 Septemba

Siku mbaya. Baada ya chakula nilijitolea kupeleka vyombo jikoni, shangazi akanisifu. Kwenye sufuria ulibaki ubavu mmoja. Niliula nimesimama nyuma ya mlango, mpaka mfupa ukawa mweupe. Nilisahau kwamba kwenye kola nina maikrofoni.

Nilipotoka uani, Ronnie, fundi wa sauti, alikuwa amevaa visikio na machozi yanamtoka kwa kicheko. Kisikio kimoja alikuwa amempa Nusifa.

Nusifa akanivuta pembeni.

"Ulikuwa unafanya nini jikoni?"

"Nilimpa mbwa mfupa."

"Hatuna mbwa."

"Paka, basi."

"Na paka ndiye aliyesema 'utamu gani huu'?"

Nikapangusa mdomo. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema ana miaka thelathini na tano, na kwenye fomu ile aliandika kila kitu, hata mambo ambayo mama yake alimwomba ayafiche. "Mimi nimekuja na yangu yote," akasema. "Wewe umekuja na nini?" Akaingia ndani bila kungoja jibu.

Jumapili, 21 Septemba

Siku ya saba. Nilikuwa nimekariri shairi la kumwomba ndiyo. Ukumbi ulijaa, Dokta Docus katikati. Kabla ya kutoa jibu lake, Nusifa aliomba kuniuliza swali moja.

"Siku isiyo na kamera, unaamka saa ngapi?"

Nikamtazama Dokta Docus. Nikaitazama kamera, maana Mama alikuwa upande wa pili. Shairi lote likanitoka kichwani.

"Saa tatu na nusu," nikasema. "Mvua ikinyesha, saa nne."

Mengine yakafuata yenyewe. Nyama, milima, mieleka, fomu ya Aminah, fomu ya Bruhan. Dokta Docus alivua miwani na kutangaza kwamba nimeondolewa. Kisha akaitazama fomu yangu, akaitazama ya Nusifa, akaanza kueleza kwamba ikiwa Nusifa ni kinyume cha fomu, na mimi pia ni kinyume cha fomu, basi kitaalamu... Hakumaliza. Nusifa alikuwa ameinama, anacheka mpaka mtandio ukamteleza.

Alinikuta nje nikingoja gari. Alisema yule mtu wa milima wa kwenye fomu, yeye angemkataa. Huyu mwingine bado hajamjua, kwa hiyo nirudi Mbale wiki ijayo kumwona baba yake, bila kamera.

"Sharti ni moja," akasema. "Usinidanganye tena. Mimi wala watu wangu."

Nikaapa. Garini nililia kidogo. Dereva, kwa heshima, akaongeza sauti ya redio.

Jumanne, 23 Septemba. Jinja

Bruhan ameingia dukani. Nilidhani amekuja kunipiga. Alitaka godoro la futi sita kwa sita, maana ataoa mwezi ujao. Alisema Aminah humpigia simu kila alfajiri kumwamsha, na hajali nani aliandika nini. Nikampa na mito miwili.

Mama alitazama yote. Amesema nilipendeza niliposema ukweli, ila shati lilinibana.

Jumamosi, 27 Septemba

Kesho nakwenda kwa baba yake Nusifa, Mzee Mubaraka. Leo amenipigia simu mwenyewe. Sauti nzito, ya mtu asiyerudia swali. Anafuga nyuki, mizinga kumi na minne. Akaniuliza kama nawaogopa.

Kiapo changu nilikikumbuka vizuri kabisa. Lakini kiapo kile kilihusu kudanganya, na hii ilikuwa heshima tu kwa mzee. Nikamwambia nimefuga nyuki miaka kumi na moja.

Alifurahi sana. Amesema kesho nitamfungulia mizinga mimi, yeye atakaa pembeni ajifunze. Akauliza kama aniazime kofia ya wavu.

Nimemwambia kwetu Jinja hatuvai.