Uzinduzi wa Chumba cha Utulivu wa Watumishi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwenyekiti, ambaye naambiwa yuko njiani. Wakuu wa vitengo, manaibu wao na makaimu wa manaibu. Watumishi wenzangu mliojitolea saa yenu ya chakula, mchana huu wa Jumanne, kusimama hapa mapokezi: itifaki imezingatiwa.

(Makofi machache. Mtu anapiga miayo.)

Ndugu zangu, leo tunazindua Chumba cha Utulivu, nguzo ya mkakati jumuishi wa kudhibiti stresi kazini kwa kuzingatia rasilimali zilizopo na zisizokuwepo. Chimbuko lake ni karani wetu wa masjala, mama huyu aliye kulia kwangu. Mwaka jana, foleni ya dirisha lake ikiwa imefika barabarani, aliketi sakafuni katikati ya makabati akashindwa kuinuka. Shoga yake, mpiga chapa, akawa anampepea kwa jalada. Mimi mwenyewe nilishuka ngazi kwa miguu yangu. (Makofi.) Nikamuuliza, "Mama, unaumwa nini?" Akanijibu, "Siumwi, bosi. Nafanya kazi ya watu watatu tangu wale wawili wastaafu, na nyumbani nina mama mkwe kitandani. Naomba siku mbili tu nipumzike."

Kiongozi mwingine angempa hizo siku mbili. Mimi niliona mbali, nikaunda kamati. Kamati ikaenda warsha ya siku kumi na nne kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, ili wajumbe waielewe stresi wakiwa mbali nayo, ikarejea na ripoti ya kurasa mia mbili na kumi, ambayo karani huyuhuyu alitoa nakala hamsini, akazipanga na kuzibana. Mpiga chapa akanifuata ofisini: "Bosi, tupatie msaidizi hata mmoja. Huyu dada ataanguka tena." Nikamweleza kwamba subira huvuta heri, na kwamba ajira haimo katika hadidu za rejea.

Matokeo yanajieleza. Asilimia tisini na moja ya watumishi walijaza kwamba hawana stresi, mara tu walipoona fomu ya kamati ina sehemu ya jina na saini. (Kicheko nyuma. Kinakatika.) Wako wanaonong'ona kwamba karani anasimama hadi leo kwa sababu mpiga chapa na mlinzi humpangia mafaili kila jioni. Hao hawajui sera.

Sasa nikisema "Utulivu", semeni "Ni wajibu". Utulivu. (Sauti mbili: "Ni wajibu.") Stresi. (Hakuna anayejua jibu.)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wapiga picha kwa kukubali kupiga utepe kwa karibu, maana nyuma yake ni ukuta. Chumba chenyewe kiliishia ripotini, ukurasa wa mia mbili na nne. Namshukuru mpiga chapa, na pia karani, kwa kutushikia ncha za utepe, kwa kuwa hatukuwa na mlango wa kuufungia. Karani... Mama, mbona umeuachia?

(Karani anachukua mkoba wake. "Naenda nyumbani, bosi. Tutaonana Alhamisi." Mpiga chapa naye anaachia ncha yake, anamsindikiza hadi nje. Watu wanawapisha.)

Ndugu mpiga picha, hiyo usipige.