Kitufe cha Kijani cha Injinia

Injinia hakuwahi kukanyaga chuo chochote cha uinjinia, lakini alipomsikia Mama Magodoro akilalamika dukani kwamba wateja siku hizi wanataka kulipia mtandaoni, masikio yalimsimama.

"Shangazi, hilo dogo," alisema, akijikalisha juu ya godoro la maonyesho. "Programu ya duka lako imeandikwa kwa Ruby. Naiunganisha na malipo, unapokea na kulipa kwa kitufe kimoja."

"Imeandikwa kwa nini?"

"Ruby. Lugha ya kompyuta, shangazi. Tunaoijua mjini hapa tunahesabika."

Katika hesabu hiyo, kwa kweli, yeye hakuwemo. Alinakili kazi ya watu. Tena kampuni za malipo huwapa mafundi hali ya majaribio, ambamo kila malipo hukubaliwa na hakuna senti inayosogea. Fundi mwaminifu akishajaribu huizima. Injinia aliiacha vilevile, akakipaka kitufe rangi ya kijani. Nia yake ilikuwa apokee ujira taslimu, kisha abadilishe namba ya simu. Siku ya kukabidhi mtambo, mfukoni alikuwa na kodi ya nyumba, aliyopewa na mkewe asubuhi ile aipeleke kwa mwenye nyumba.

Mama Magodoro alibonyeza. Kioo kikaandika: Malipo yamekamilika. Akasogeza miwani, akasoma mpaka herufi ndogo za chini.

"Hongera, mwanangu! Basi na wewe nakulipa humuhumu."

"Mimi taslimu inanitosha, shangazi," Injinia alidakia.

"Kwani mtambo una kasoro?"

"Hauna!"

Mama Magodoro akabonyeza. Yamekamilika. Akabonyeza tena. Yamekamilika.

"Ala! Uzee huu! Nimekulipa mara mbili. Nirudishie moja, mkononi, nina mzigo wa kulipia sasa hivi."

Injinia aliutazama mlango. Wapagazi wawili walikuwa wameuziba kwa godoro. Kukataa kulikuwa kukiri. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba humo ndani atadaiwa chenji. Aliitoa kodi yote, noti kwa noti, huku akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino mbele ya wakwe.

"Iliyopungua nakusamehe," alisema Mama Magodoro. "Sisi ni ndugu."

Injinia alitoka akiwa na hofu tupu, akitunga maneno ya kumwambia mkewe. Nyuma yake mteja aliuliza kama anaweza kulipia mtandaoni.

"Lipa taslimu tu, mwanangu," Mama Magodoro alijibu. "Mtambo bado uko kwenye majaribio."